Mpira, Koki na Mto

Mpira wa boza la majitaka, ukishalazwa uani, huvuka maisha yote ya nyumba. Katika mitaa ya mji wa Korogwe huanzia kwenye mdomo wa shimo nyuma ya banda la kuku, hupita chini ya kamba ya kuanikia nguo, huliacha beseni la vyombo upande mmoja na jiko la mkaa upande wa pili, hutoka kwenye uwazi wa uzio, huvuka mtaro, kisha huishia kwenye tumbo la gari lililoegeshwa barabarani huku injini ikinguruma. Ni mrefu na mzito, na ndani yake mna mbavu ngumu zinazouzuia usifinyike unaponyonya. Mpira wenyewe hupasuka mara chache. Kinachomwaga ni viungo: pale kipande kimoja kinaposhikana na kingine, pale pete ya mpira ilipokauka ikapata nyufa, pale kifungio kilipofungwa nusu kwa kuwa kilikuwa na mchanga, pale mdomo unapotolewa shimoni ilhali koki ya tenki bado iko wazi. Kumwaga shimo la choo bila kuchafua mtaa ni kazi ya kulinda viungo hivyo vichache, na si vyote viko kwenye mpira.

Kwani kinachotoka mwilini mwa mtu hukabidhiwa mara nyingi kabla hakijatulia. Mwili hukikabidhi kwa shimo, shimo kwa mpira, mpira kwa boza, boza kwa barabara, barabara kwa bwawa au kwa shamba au, kwa bahati mbaya, kwa mto. Kila makabidhiano yana watu wawili. Anayetoa huona yake yamekwisha, na anayepokea huwa bado hajashika barabara. Hapo katikati ndipo tope linapoanguka. Mwenye nyumba hulipa na kugeuka ndani, dereva hutazama saa, utingo huvuta mpira kwa haraka ili wawahi nyumba nyingine, na tone lililobaki mdomoni mwa mpira hushuka juu ya udongo ambao jioni watoto watauchezea gololi. Maji yakimwagika hayazoleki. Haya ni maji ambayo bata huyachovya, nyayo huyabeba hadi ukumbini, na mvua ya kwanza huyapeleka kisimani.

Shimo lenyewe hujaa kimya kimya. Haba na haba hujaza kibaba, na wahandisi wa afya wameipa haba hiyo kipimo: kwa makadirio yao ya kawaida, mtu mmoja huacha shimoni lita 40 hadi 90 za tope kwa mwaka, baada ya maji kunywewa na ardhi na vijidudu kula sehemu yao. Familia ya watu 6, kwa lita 60 kila mmoja, huongeza lita 360 kila mwaka, kwa hiyo shimo lenye nafasi ya lita 3,000 hudumu kama miaka 8. Lakini hesabu hiyo ni ya shimo linaloheshimiwa. Shimo linalotupiwa matambara, pedi, nepi, chupa, viatu vilivyokatika na mifuko hujaa mapema zaidi, na siku ya kumwagwa vitu hivyohivyo ndivyo vinavyokwama kooni mwa mpira. Aliyetupa chupa mwaka jana huwa ameshasahau. Fundi wa boza ndiye anayekutana nayo, akiwa amesimama juu ya shimo na mpira ulioziba, akilazimika kuufungua mahali pasipofaa kufunguliwa. Sehemu kubwa ya ajali zinazowachafua mafundi mchana mmoja zilianzishwa ndani ya nyumba, miaka mingi kabla, na mkono ulioona shimo ni mahali pa kusahaulia mambo.

Ndani ya shimo lililokaa, mambo hujipanga yenyewe. Juu hukaa ukoko wa mafuta, nywele na karatasi. Katikati hukaa maji ya rangi ya chai. Chini kabisa hulala tope zito ambalo kila mwaka hukandamizwa na mwaka unaofuata. Pwani na bara yake ya karibu, ambako watu huchamba kwa maji, shimo hupata unyevu wa kutosha kulilainisha tope. Hata hivyo ardhi nayo ina neno lake. Handeni, jirani ya Korogwe, ni nchi ya ukame na malambo, nchi ambayo wazee wa Kizigua huhesabu miaka yake kwa njaa na mvua. Huko maji ya shimo huzama ardhini upesi, na tope linalobaki chini hushikamana likawa gumu kama udongo wa kufinyangia, lisilovutika kwa pampu hadi limwagiwe maji na kukorogwa. Korogwe iko bondeni, kando ya Mto Pangani na jirani na mto wake mdogo, Luengera. Kwenye mitaa ya chini, masika yakikolea, maji ya ardhini hupanda na kuingia shimoni kutoka chini, na shimo lililokuwa nusu Februari huonekana limefurika Aprili. Boza likiitwa siku hiyo huondoa maji ya mvua na kuliacha tope palepale lilipokuwa. Ndiyo maana wakati mzuri wa kumwaga ni kiangazi, shimo likiwa limefika theluthi mbili na barabara zikiwa kavu, kabla haja haijageuka kuwa dharura. Haraka haraka haina baraka popote, na juu ya mdomo wa shimo lililofurika haina hata nafasi ya kuweka mguu.

Tanzania iliwafundisha watu wake kuchimba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya mamilioni ya watu wazima kuzunguka redio, vijiji kwa vijiji, wakasikiliza habari za kichocho, malaria na kuhara, wakatoka na majembe na kuchimba vyoo. Ilikuwa moja ya kazi kubwa za elimu ya watu wazima barani Afrika, na faida yake haikanushiki. Lakini choo cha kijijini kikijaa hufukiwa, mpapai hupandwa juu yake, na kingine huchimbwa hatua kumi mbele. Somo la kumwaga halikuhitajika kwa sababu ardhi ilikuwepo. Leo Chanika, moyo wa mji wa Handeni, na mitaa ya Korogwe iliyobanana kando ya barabara kuu, hazina tena hatua kumi za ziada. Miji ya ukubwa huo nchini, kwa sehemu kubwa, haina mtandao wa mabomba ya majitaka. Kila nyumba hubeba shimo lake chini yake. Watoto na wajukuu wa waliochimba mwaka 1973 wamerithi mashimo, na ujuzi unaotakiwa sasa ni mwingine: kufungua kilichofungwa, kukitoa, na kukipeleka mbali bila kukionyesha kwa mtu yeyote.

Kwenye nchi hii ya njiapanda mzigo huo si wa wenyeji peke yao. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha huingia Handeni kwa Mkata, hugawanyika Segera kwa wanaokwenda Tanga, huvuka Korogwe na kuambaa chini ya milima ya Usambara hadi Mombo. Kila siku mabasi husimama kwenye sehemu hizo, abiria hushuka kwa dakika chache, hununua machungwa na korosho, na kujipanga mlangoni mwa vyoo. Watu wasiojuana, wa Kilimanjaro, wa Pwani, wa Lushoto, huacha kitu chao ndani ya shimo moja, kisha hupanda basi na kupotea. Shimo la hoteli ya njiani hupokea mengi kwa siku moja kuliko shimo la nyumba linavyopokea kwa miezi, na mara nyingi hujengwa kwa vipimo vya nyumba. Pasipo na choo kinachoaminika, basi husimama porini na abiria huambiwa wakachimbe dawa, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kwenye vichaka ambamo mwenyeji wa kijiji cha karibu hukata kuni. Mamlaka zimelikataza jambo hilo zaidi ya mara moja. Katazo hushika pale penye choo safi, na choo safi hushika pale penye shimo linalomwagwa kwa wakati. Ukifuata uzi huo hadi mwisho unarudi kwenye mpira ule ule.

Njia ya reli ina kumbukumbu yake. Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na kwa miongo mingi choo cha behewa kilikuwa tundu lililofunguka juu ya mataruma: kilichoanguka kilikuwa cha kokoto, na treni ilikuwa imeshapita. Mabasi ya kifahari na mabehewa ya kisasa yamebadili hilo kwa kubeba tenki chini ya sakafu. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaosafiri na nyumba yao yote juu ya magurudumu, wakiwa na matenki mawili: moja la choo, jingine la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Wenye magari hayo wana taratibu ambazo fundi wa Korogwe angezitambua mara moja. Hawaachi koki ya tenki la choo wazi wanapopiga kambi, kwa kuwa maji yatatangulia kutoka na kinyesi kitabaki kikijikusanya na kukauka, sawasawa na shimo la Handeni. Husubiri tenki lijae vya kutosha ili uzito wake uliondoe tope. Humwaga tenki la choo kwanza, kisha tenki la maji ya sabuni, ili maji mepesi yauoshe mpira nyuma ya mazito. Na hawafungui kifuniko cha nje kabla ya kuhakikisha koki ya ndani imefungwa, kwa kuwa nyuma ya kifuniko huwa pamejikusanya kile kilichopenya kwenye koki mbovu. Bahari na mali zimewatenganisha watu hao, ila tumbo la mwanadamu ni lile lile, na tope lake hufuata sheria zile zile za uzito na upepo.

Fundi anayeijua kazi yake hafiki na kufungua. Kwanza hupiga hodi na kuuliza, maana mwenye nyumba anajua yasiyoonekana: shimo lilichimbwa lini, limejengewa kwa tofali au ni udongo mtupu, mfuniko uko wapi, je, liliwahi kutitia. Mzee wa nyumba huonyesha kwa fimbo, mama hutoa vyombo na nguo, watoto na kuku huondolewa uani. Hayo ni matayarisho ya kweli. Ajali nyingi za kumwagika hupata ukubwa wake kutokana na kilichokuwa karibu. Gari huegeshwa mahali pakavu na tambarare, kwa kuwa boza la lita elfu kadhaa likishajaa huzama kwenye udongo uliolibeba vizuri lilipokuwa tupu. Mipira hulazwa kwa mstari ulionyooka kadiri inavyowezekana, bila kona kali. Kila kiungo hufutwa mchanga, pete yake hukaguliwa kwa kidole chenye glovu, kifungio husukumwa hadi mwisho wake. Chini ya kila kiungo kinachopita uani huwekwa beseni au gunia lenye vumbi la mbao. Fundi mwangalifu huanza kwa kuvuta maji safi ya ndoo moja, ili kiungo kinachovuja kijidhihirishe kwa kufyonza hewa huku kilichomo bado si cha kuchukiza.

Mfuniko ukifunguliwa, wote hurudi nyuma. Hatua hii haivumilii ushujaa. Shimo lililofungwa kwa miaka hutengeneza methani, ambayo huwaka, na haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Hatari ya gesi hii ya pili ni kwamba ikizidi hulemaza pua. Anayeinusa hudhani imeondoka, kumbe ndiyo imekolea, na mtu anaweza kuzirai kwa pumzi chache. Katika Afrika Mashariki yote habari ya aina hii imejirudia kwa huzuni ile ile: mmoja ameingia shimoni kuokota kitu, ameanguka, ndugu yake amemfuata kumwokoa, jirani amemfuata ndugu. Hakuna simu, wala pete ya ndoa, wala ufunguo wa kumshusha mtu ndani ya shimo la choo. Sigara na kibatari hukaa mbali. Mfuniko huachwa wazi kwa muda ili upepo upite, na fundi hukaa upande unakotoka upepo.

Ndipo tope hulainishwa. Ukoko wa juu huvunjwa kwa mti mrefu, takataka huopolewa kwa ndoano na kuwekwa kwenye gunia lake, si kando ya shimo, maji humwagwa na kukorogwa hadi chini. Anayeruka hatua hii huvuta maji tu, hulipwa, huondoka, na baada ya wiki chache mwenye nyumba hushangaa shimo limejaa tena. Pampu ya boza haivuti tope kwa nguvu za ajabu: huondoa hewa ndani ya tenki, kisha uzito wa hewa ya dunia hulisukuma tope lipande juu ya mpira. Nguvu hiyo ina mpaka. Kwa maji safi haiwezi kupandisha zaidi ya mita 10 hata pampu iwe bora namna gani, na kwa tope zito huishia mita chache tu. Kwa hiyo shimo refu huhitaji gari lisogezwe karibu na maji yaongezwe, na kuendelea kuingurumisha injini hakuongezi chochote.

Mwisho wa kunyonya ndio wakati wenye fujo nyingi kuliko wote, kwa sababu kila mtu ameshachoka na harufu. Mpangilio wake ni huu: mdomo wa mpira huinuliwa kutoka kwenye tope pampu ikiwa bado inavuta, ili hewa ipite na kusafisha njia nzima hadi tenkini, ndoo moja au mbili za maji safi huvutwa nyuma yake, kisha koki ya tenki hufungwa, kisha pampu huzimwa, kisha hewa huruhusiwa kuingia polepole, na hapo tu viungo hufunguliwa, kimoja kimoja, kuanzia cha shimoni kwenda garini, kila kipande kikiinuliwa upande mmoja ili kilichobaki kiteremkie kwenye beseni. Kubadilisha mpangilio huo kwa hatua moja kunatosha. Kuzima pampu kabla ya kufunga koki huliacha tope la tenkini litafute njia ya kurudi, na njia pekee ni mpira. Vivyo hivyo tenki halijazwi hadi shingoni. Huachwa nafasi, kwa kuwa tope hupiga mawimbi gari linapopanda mteremko, na tone kwenye lami ya mjini hukanyagwa na mia.

Pasipofikika na gari kuna njia nyingine, na Dar es Salaam ilikuwa shule yake. Kati ya mwaka 1988 na 1992 mradi ulioitwa MAPET ulijaribu huko pampu ya mkono na tenki la lita 200 lililowekwa juu ya mkokoteni, lenye wembamba wa kupita uchochoroni. Mwaka 1995 UN-Habitat ilileta Kibera, Nairobi, gari dogo la Vacutug. Baadaye ikaja Gulper, pampu ya kusimama inayovutwa kwa mikono, ambayo nayo ilitumika katika mitaa ya Dar. Vyombo hivyo vyote vimebuniwa ili pasiwepo mtu wa kushuka shimoni. Wanaoshuka wapo hata hivyo. Mjini Dar waliitwa vyura. Hufanya kazi usiku, kwa koleo na ndoo, mara nyingi miguu mitupu, na hulipwa kwa siri na watu ambao kesho yake hupishana nao bila salamu. Na pale ambapo hata pesa za kumlipa chura hazipo, masika hufanywa boza la bure: mvua ikinyesha usiku, ukuta wa shimo hutobolewa, choo hutapishwa mtaroni, na mwenye nyumba hulala akiamini maji yamebeba siri yake. Mficha maradhi kilio humfichua. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani ulihesabu wagonjwa kwa maelfu, na kipindupindu ni ugonjwa wa kinyesi kilichofika kwenye kikombe cha mtu mwingine.

Bei ya boza na aibu ya kuliita ndizo zinazotoboa kuta hizo. Bei inaweza kupunguzwa kwa nyumba kadhaa za mtaa mmoja kumwaga siku moja na kugawana safari. Aibu ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa wanaobeba kinyesi cha mji hubebeshwa na fedheha yake pia. Haki ni kinyume chake. Mtu anayefunga koki kabla ya kuzima pampu, kila mara, hata pasipo na wa kumwona, analinda maisha ya watoto wengi kuliko wanavyojua wazazi wao, na anastahili maji ya kunawa, sabuni, kikombe cha chai na jina la fundi.

Safari ya boza kutoka uani hutazama chini, kuelekea mtoni, kwa kuwa ardhi yote huteremkia huko. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huyahifadhi Nyumba ya Mungu, hupita Korogwe, kisha hushuka kwenye maporomoko ya Hale, ambako umeme umezalishwa tangu mwaka 1964, na mwishowe hufika baharini. Chini ya Korogwe, upande wa Segera, ndiko mradi mkongwe wa bomba kuu la Handeni, unaojulikana kwa herufi HTM, unakochota maji na kuyasukuma kupanda kwenye nchi kavu ya Wazigua. Katika miaka ya karibuni miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani imewekwa pamoja katika mpango wa maji wa miji 28, ikitegemea mto huo huo. Kilomita 65 za lami hutenganisha Korogwe na Handeni. Oktoba 2019 mvua ziliikata barabara hiyo na watu hawakupita, lakini maji yalipita. Choo kilichotapishwa juu ya mto kina mnywaji wake chini ya mto, na mnywaji huyo ni mama wa Handeni aliyepanga ndoo kwenye foleni ya bomba tangu alfajiri. Maji hutibiwa kabla ya kumfikia, naam, ila kila uchafu unaoongezwa juu ni mzigo kwa dawa na kwa mtambo, na wapo wanaoteka mtoni moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuuharibu. Kumwaga boza ndani ya mita hizo, usiku, taa zikiwa zimezimwa, ni kumaliza kwa uhalifu kazi iliyoanzwa kwa uangalifu.

Mahali halali pa kumwaga ni mabwawa ya kutibu majitaka, ambamo jua, hewa na muda hufanya kazi kwa zamu, au vitanda vya mchanga vya kukaushia tope. Pasipo na hayo, tope hufukiwa kwenye handaki lililochimbwa mbali na makazi, angalau mita 30 kutoka kisima chochote, sakafu yake ikiwa juu ya maji ya ardhini kwa mita 2 hivi, na udongo ukirudishwa siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, na kwa pua ni kweli. Baada ya mwaka au miwili tope lililofukiwa hufanana na mboji. Ila mayai ya minyoo ya askarisi hayajali pua. Huvumilia udongoni kwa miezi mingi, hata miaka, kwa hiyo tope la juzi halipelekwi kwenye bustani ya mchicha kwa kuwa tu limekauka juu.

Korogwe ina ushahidi wake kwamba taka iliyosubiriwa hulipa. Katika mashamba ya mkonge nyuzi huwa asilimia chache tu ya uzito wa jani. Mengine yote, majimaji na makapi, kwa zaidi ya karne yalitupwa nyuma ya viwanda na kuteremkia vijitoni. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika shamba la Hale, makapi hayo yaliingizwa kwenye matenki yasiyopitisha hewa, yakachachushwa, na methani yake ikazungusha mtambo wa umeme. Gesi inayoua shimoni iliwasha taa. Vijidudu vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vilivyomo katika kila shimo la choo la Chanika, na teknolojia ya kuvifungia ndani haina siri. Inachotaka ni tope kufika mahali pamoja, kwa wingi, bila kumwagwa njiani.

Boza likishamwaga huoshwa papo hapo, na maji ya kuoshea huingia bwawani pia. Midomo ya mipira huzibwa kwa vifuniko kabla gari halijaingia barabarani. Uani, mahali palipodondokewa na tope hunyunyizwa chokaa au majivu, udongo wa juu huchotwa na kurudishwa shimoni, na glovu na buti huoshwa kwa maji yenye klorini kabla mtu hajashika kitasa cha mlango wa gari. Tenki la majitaka lililojengwa kwenye ardhi yenye maji, kama ile ya bondeni Korogwe, halifai kuachwa tupu usiku kucha, maana maji ya ardhini huweza kulisukuma na kupasua kuta zake. Hujazwa maji kiasi kabla mfuniko haujarudishwa. Mfuniko hufungwa, hukandikwa saruji nyepesi inayoweza kubanduliwa tena, na juu yake, saruji ikiwa mbichi, huandikwa kwa msumari mwezi na mwaka.